Mita 60 za Wimbo: Santuri za Bonde la Ufa

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ile yenye kipenyo cha sentimita 18, ina mfuo mmoja tu kila upande. Anayeitazama juujuu hudhani ameona miviringo mingi iliyopangana, kumbe ni mstari mmoja unaoanzia ukingoni na kujizungusha mpaka karibu na lebo. Wimbo wa dakika 3 huizungusha sahani mara 135, na mfuo wake ukinyooshwa unafika mita zipatazo 60. Upana wake haufikii sehemu ya kumi ya milimita. Kuta zake zimechongwa mawimbi madogo, na sindano inapopita humo hutikisika jinsi kipaza sauti kilivyotikiswa siku waimbaji walipokuwa studioni.

Wakusanyaji wa kumbukumbu za muziki wa roki kule Uingereza na Marekani huhangaikia tiketi, mabango na vijitabu vya tamasha. Nakuru na Kericho karatasi za aina hiyo ni adimu sana: bango la dansi lilibandikwa ukutani likanyeshewa, tiketi ikachanwa mlangoni. Kilichodumu ni santuri, na kwa bendi nyingi za Bonde la Ufa ndiyo shahidi pekee kwamba ziliwahi kupiga.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita katika nchi ya Wakipsigis na mitambo yake ya kurekodi. Miongoni mwa alizozinasa mlikuwa na nyimbo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefanya kazi kwenye reli kabla ya kupata umaarufu, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika Kericho pamoja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono, mashine zisizohitaji umeme hata kidogo: sindano hutikisa kiwambo chembamba, na pembe hukuza sauti. Wasichana wa Kipsigis, kwa maelezo ya Tracey, walimwimba Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kenya alikuwa ameingia katika nyimbo zao kupitia sindano ya chuma. Mwaka 1986 Rodgers huyohuyo aliwekwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll la Marekani, kwa kutambuliwa kuwa mmoja wa walioitangulia roki.

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha nakala kwa Wakipsigis wenyewe. Miaka 64 ni muda mrefu mno kwa kijiji kusubiri kusikia sauti za mama na nyanya zao.

Santuri za enzi ya Rodgers, zile za mizunguko 78 kwa dakika, hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaokaa kwenye matawi ya miti huko India na Thailand, ukachanganywa na unga wa mawe na masizi. Ndiyo maana ni nzito na huvunjika zikianguka. Tena shelaki huyeyuka katika spiriti, kwa hiyo anayeifuta santuri ya babu kwa spiriti ya dukani anaufuta na wimbo wenyewe. Vinili ya 45, iliyoletwa sokoni na RCA Victor mwaka 1949, haivunjiki ovyo, lakini nayo ina adui yake: joto. Ikikaribia nyuzi 60 huanza kulegea, na gari lililofungwa vioo katika jua la Nakuru linaweza kufika huko.

Kutoka Nakuru, ukipita Mau Summit na kuteremkia kwenye mashamba ya chai, unafika Kericho. Katika mji huo ndipo lilipokuwa duka la Chandarana, lililouza santuri, likawa na studio na kutoa rekodi kwa lebo yake. Kwa nini Kericho, si Nairobi? Jibu liko kwenye majani ya chai. Mashamba yale yaliwakusanya wachumaji Waluo, Wakisii, Waluhya na Wakipsigis mahali pamoja, wenye mshahara na hamu ya kusikia lugha za kwao. Wanamuziki nao hawakuwa na haja ya kusafiri mpaka River Road, Nairobi. Hivyo benga ya Waluo na gita la Kikalenjin vilitoka chini ya jina moja la duka, na mwimbaji Kipchamba arap Tapotuk akawa sauti inayotambulika katika nyumba za Wakalenjin.

Udogo wa santuri uliupa muziki umbo lake. Benga nzuri haiishi kwa dakika 3; waimbaji wakishasema yao, magita hushika uwanja na mwendo hupanda. Basi mafundi waliukata wimbo vipande viwili, sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Hapo fizikia huingilia. Sahani huzunguka kwa kasi ileile, lakini sindano inapokaribia katikati kila mzunguko huwa mfupi: ukingoni mfuo hupita kwa takriban sentimita 40 kwa sekunde, karibu na lebo sentimita 25 hivi. Mawimbi hubanana, na sauti nyembamba hupoteza ukali. Kwa hiyo mkusanyaji makini huanza kwa kukagua mwisho wa upande wa B, ambako gita limefika kileleni na mfuo uko katika hali ngumu zaidi.

Kaseti, nyingi zikiwa za wizi, ziliishinda santuri katika miaka ya 1980. Masanduku ya santuri yakapelekwa darini, mengine yakatupwa. Kibanda kimoja cha Kenyatta Market, Nairobi, kimeendelea kuuza santuri tangu mwaka 1989, na miongoni mwa wateja wake wamekuwamo wageni wa kutoka mbali. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ya London ilitoa mkusanyo uitwao Kenya Special, uliotokana na santuri ndogo za aina hiyo, na humo wamo Rift Valley Brothers na wimbo wao Mu Africa. Wasikilizaji wa Ulaya wakashangilia. Ni jambo jema, ila linauma kuona kwamba mara nyingi nakala safi iliyobaki iko kwenye rafu ya ng'ambo.

Mwenye santuri za zamani nyumbani Nakuru, Molo au Kericho anaweza kuanza leo. Azisimamishe wima, mbali na dirisha. Vumbi alifute kwa kitambaa laini akifuata mzunguko wa mfuo, kwa maji yaliyochujwa madini, bila kuilowesha lebo. Lebo hiyo ina majina ya mtunzi, bendi na kampuni. Kisha aielekeze sahani kwenye mwanga, atazame ukanda laini ulio kati ya mfuo na lebo: hapo pamekwaruzwa namba ya fundi wa kiwanda, na namba hiyo husaidia kupanga ni santuri ipi iliyotangulia nyingine. Apige picha ya pande zote mbili na kuandika namba hizo daftarini kabla hajamwonyesha mnunuzi yeyote.