LORI LENYE TELA LIKIINGIA MJINI: DEREVA AFANYE NINI, NA SISI TUFANYE NINI?

Kwetu sisi wa mkoa wa Dodoma lori lenye tela si kitu kigeni. Mahindi ya soko la Kibaigwa yanaondoka kwa lori. Saruji na mabati ya nyumba zetu huja kwa lori. Mafuta ya mashine ya kusaga nayo huja kwa lori. Malori mengine hayana shida na sisi, yanapita tu. Yanatoka bandari ya Dar es Salaam yanakwenda Rwanda, Burundi na Kongo, kwa njia ya Morogoro, Dodoma na Singida. Mengine yanatoka Iringa yanakwenda Babati na Arusha. Njia zote hizo zinakutana Dodoma mjini.

Na Dodoma ya leo si ile ya wazee wetu. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu, na tarehe 26 Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,000 hivi mjini hapa. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 760,000. Watu hao wanatembea, wanapanda daladala, bajaji na bodaboda, na wanavuka barabara ile ile inayopitwa na malori.

Kwa hiyo tumeona tueleze jambo hili. Somo hili si la madereva na utingo peke yao. Ni letu pia sisi tunaokwenda mjini kwa miguu, kwa baiskeli, au juu ya bodaboda na debe la alizeti mapajani. Tukijua lori linavyofanya kazi, tutajua mahali pa kukaa nalo mbali.

LORI LA TELA LIKOJE?

Lori hili lina sehemu mbili. Mbele ni kichwa, chenye injini na usukani. Nyuma ni tela, lisilo na injini. Tela limeegemea mgongoni kwa kichwa na kushikwa kwa pini moja nene ya chuma, ili liweze kugeuka. Urefu wa lori zima ni karibu mita 17. Ukitaka kujua, pima uwanjani kwa hatua zako: ni hatua 20 na zaidi.

Uzito je? Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, tena kwa lori lenye ekseli nyingi. Ndiyo sababu malori hupimwa kwenye mizani. Mzigo peke yake waweza kufika tani 30, yaani magunia 300 ya mahindi ya kilo 100. Hebu fikiri magunia 300 yanakimbia barabarani!

Kutokana na urefu na uzito huo yanatokea mambo matatu. Mtu akiyashika matatu haya, amepata somo.

JAMBO LA KWANZA: LORI HALISIMAMI UPESI

Chukua kalamu tupige hesabu. Lori linakwenda kilometa 50 kwa saa. Kilometa 50 ni mita 50,000, na saa moja ni sekunde 3,600. Gawanya, utapata karibu mita 14 kwa kila sekunde.

Mtoto anakatiza barabara. Dereva anamwona, anashtuka, anapeleka mguu kwenye breki. Hapo imekwisha sekunde moja na nusu, na lori limekwenda mita 21. Breki za lori ni za upepo. Upepo nao unahitaji muda kidogo kupita kwenye mipira mpaka kufika kwenye matairi ya tela. Tuseme nusu sekunde: mita 7 nyingine. Sasa breki zimekamata, lakini uzito bado unasukuma. Zinapita mita 20 hivi kabla lori halijatulia. Jumla ni mita 48.

Kwa hesabu hiyo hiyo tunapata hivi:

Mwendo wa kilometa 30 kwa saa: mita 23.
Mwendo wa kilometa 50 kwa saa: mita 48.
Mwendo wa kilometa 80 kwa saa: mita 94.

Mita 94 ni karibu sawa na urefu wa uwanja wa mpira. Na hesabu yetu ni ya barabara kavu, breki nzima na dereva aliye macho. Kimoja kikikosekana, umbali unazidi. Ndiyo maana sheria yetu inasema magari yasizidi kilometa 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na magari mazito yasizidi 80 hata nje ya mji.

JAMBO LA PILI: TELA HALIFUATI NJIA YA KICHWA

Mkokoteni wa ng'ombe ukikata kona, gurudumu la ndani hupita karibu sana na kona, hata likapanda shina la mti. Tela nalo ni hivyo hivyo, ila ni refu zaidi. Kichwa kikikunja kushoto, matairi ya nyuma ya tela hayapiti pale kilipopita kichwa. Yanakata ndani, upande wa kushoto.

Kwa sababu hiyo dereva anayejua kazi yake hutanua kwanza kulia, kisha ndipo hukunja kushoto. Hapo ndipo watu wanapopotea. Mwenye bodaboda anaona nafasi imefunguka kushoto kwa lori, anasema, "Hapa napenya!" Kumbe ile si nafasi. Ile ni njia ya tela. Sekunde chache baadaye tela linaifunga, naye yuko katikati ya matairi na ukingo wa barabara. Kwenye kipilefti hatari hii ni kubwa zaidi, maana lori linakunja huku na huku, na magari mengine yanataka kuwahi.

JAMBO LA TATU: DEREVA HAONI PANDE ZOTE

Wengi wetu tunafikiri kuwa dereva, kwa kuwa amekaa juu, anaona kila kitu. Sivyo. Anaona mbali, lakini karibu haoni.

Mbele kabisa, chini ya pua ya lori, haoni. Mtoto, au mama aliyeinama kuokota ndoo yake, anafichwa na pua hiyo. Nyuma ya tela haoni kabisa. Upande wa kushoto anaona kidogo tu, kwa sababu yeye amekaa kulia na anategemea kioo. Lori likikunja, kioo kinaonyesha ubavu wa tela tu.

Iko kanuni moja rahisi, na tunaomba kila mmoja aishike: kama wewe huoni uso wa dereva au kioo chake, basi naye hakuoni. Huna haja ya kujua zaidi ya hapo.

DEREVA AFANYE NINI?

1. Asimame kabla ya kuingia mjini. Kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma ni kilometa 450 hivi. Apumzike, anywe maji. Akague geji ya upepo wa breki, matairi, taa, vioo na kamba za mzigo. Hitilafu inayogunduliwa Ihumwa au Nala hutengenezwa. Inayojitokeza katikati ya jiji huua.

2. Aangalie geji ya mwendo, asiamini macho yake. Mtu akitoka Gairo na kupita tambarare ya Kibaigwa na Mbande kwa mwendo wa 80, macho yanazoea. Akipunguza mpaka 50 anajiona kama anatambaa, kumbe lori bado lina nguvu ya kuua.

3. Aache nafasi mbele yake. Daladala zitaingia kwenye nafasi hiyo, ndiyo, na zitamuudhi. Arudi nyuma tena. Kuudhika si kitu kuliko kugonga.

4. Apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Akikanyaga breki kwa ghafla huku amekunja, tela linasukuma kichwa na lori linajikunja kama kisu cha mfukoni. Hali hii ni mbaya zaidi mvua za kwanza zinapoanza, Novemba au Desemba. Vumbi na mafuta ya kiangazi chote vinalowana, na lami inateleza kama sabuni.

5. Akirudi nyuma, utingo ashuke. Asimame mahali anapoonekana kwenye kioo na kumwongoza dereva. Utingo asipoonekana kwenye kioo, lori lisimame.

6. Achague saa. Asubuhi watoto wanakwenda shule, na jioni watu wanatoka kazini. Akiweza, apite saa nyingine. Na kama alama zinamwelekeza kuuzunguka mji, auzunguke. Ndiyo sababu ikaamuliwa kujenga barabara ya mzunguko ya kilometa 112, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, ili malori ya safari ndefu yasilazimike kupita katikati ya jiji.

7. Simu na pombe ziwe mbali. Hapa tunasema na wenye magari pia. Tajiri anayempigia dereva simu kila saa, "Umefika wapi? Mbona unachelewa?" naye ameshika usukani, ingawa yuko nyumbani kwake.

NA SISI TUFANYE NINI?

Tusivuke mbele ya lori lililosimama, hata kama limesimama kwenye foleni. Tukae mbali na pua yake, au tungoje lipite. Tusipite kushoto kwake linapotaka kukunja. Tusidandie nyuma ya tela kwa baiskeli ili lituvute mlimani. Wafugaji, tukivusha ng'ombe, mmoja asimame mbali kila upande wa barabara, mita 100 au zaidi, apunge kitambaa. Hesabu ya mita 94 tumeshaiona. Usiku tuvae nguo nyeupe, au tushike tochi.

Na lori likianguka, tusilikimbilie kuchota. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta ya petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Taarifa za wakati ule zilisema dereva alikuwa akimkwepa mwendesha pikipiki. Watu walikusanyika na madumu kuchota petroli, moto ukawaka. Walikufa watu zaidi ya 100. Angalieni jinsi mambo yalivyofuatana: kwanza nafasi ndogo barabarani, kisha dumu la bure. Petroli inatoa mvuke usioonekana, na cheche moja inatosha. Ukiona lori la mafuta limeanguka, ondoka, ondoa watoto, zuia wengine, piga simu 112 au 114 ya zimamoto.

Ndugu wasomaji, dereva wa lori si adui yetu. Ni mtoto wa mtu, amechoka, na amebeba chakula chetu. Yeye ana wajibu wa kwenda pole. Sisi tuna wajibu wa kutokaa pale asipoweza kutuona.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tumia hesabu ya hapo juu: lori likienda kilometa 60 kwa saa, linapita mita ngapi kwa sekunde moja?
2. Kwa nini lori hutanua kulia kabla ya kukunja kushoto?
3. Katika kijiji chetu watoto wanavuka barabara kuu mahali gani? Je, dereva anawaona akiwa umbali gani? Nendeni mkapime kwa hatua, kisha mpeleke majibu kwenye mkutano wa kijiji.