Bunduki ya babu ina herufi B, G na U: Zina maana gani?

Ukiziangalia harakaharaka ni mikwaruzo tu kwenye chuma: taji dogo, herufi moja moja, namba mbili tatu. Lakini kwenye bunduki za kale za kuwindia kutoka Ulaya, alama hizo ni kama kadi ya kliniki ya silaha. Mtu akizisoma vibaya, mtutu unaweza kumpasukia usoni.

Kwa nini ziwani?

Wampembe, wilayani Nkasi, ipo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo wakoloni watatu walilizunguka: Mjerumani upande huu, Mbelgiji ng'ambo Kongo, na Mwingereza kusini, Zambia ya leo. Kusini zaidi kwenye ufuko huohuo ipo Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg hadi Waingereza walipoitwaa Juni 1916.

Kila mmoja alikuwa na bunduki za kwao, na mihuri ya kwao.

Muhuri ulipatikanaje?

Kabla ya kuuzwa, bunduki ilipelekwa kituo maalumu na kufyatuliwa kwa nguvu kubwa kuliko ya kawaida. Ikihimili, inagongwa muhuri. Mihuri mikuu ni hii:

- Ujerumani: Sheria ya 1891 ilileta taji juu ya herufi. B ni imejaribiwa, G ni mtutu una mifereji ndani ya kuizungusha risasi, U ni imekaguliwa baada ya jaribio.
- Ubelgiji: Herufi ELG ndani ya umbo la yai, muhuri wa mji wa Liège.
- Uingereza: London iligonga taji juu ya herufi GP zilizosokotana. Birmingham, kabla ya 1904, iligonga fimbo mbili za kifalme zilizopishana.

Herufi nyingine ya kuangalia ni N, au neno NITRO. Maana yake bunduki imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, ambayo presha yake ni kubwa. Bunduki iliyojaribiwa kwa baruti nyeusi pekee haifai kuwekewa risasi hizo.

Mtego wa namba

Namba kama 9.3x62 inasomeka hivi: risasi ina upana wa milimita 9.3, na ganda lake lina urefu wa milimita 62. Risasi hiyo aliibuni fundi Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ikapendwa sana na wawindaji Afrika. Waingereza walipima kwa inchi, ndiyo maana kuna .303 na .375.

Hatari ipo kwenye 8x57. Zipo za aina mbili. Ile ya zamani ina risasi ya takriban milimita 8.1, na ile iliyoingia jeshini 1905, inayoandikwa S, ina milimita 8.2. Maganda yanakaribia kufanana, na watu huziita zote "milimita nane". Risasi ya S ikiingia kwenye mtutu mwembamba wa zamani, inabanwa, presha inapanda na bunduki inaweza kupasuka.

Muhuri siyo kinga ya milele

Muhuri unaeleza bunduki ilivyokuwa siku ile ilipojaribiwa. Hauelezi miaka 100 ya kutu, unyevu wa ziwani, au fundi wa mtaani aliyetoboa chemba ili iingie risasi nyingine. Silaha ikibadilishwa hivyo, alama za mwanzo hazina tena maana.

Kwa hiyo kusoma alama kunasaidia kujua bunduki imetoka wapi, ya enzi gani na ilitengenezewa risasi ipi. Hakumpi mtu ruhusa ya kuifyatua wala kukaa nayo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka mmiliki awe na leseni.

Anayeikuta darini kwa marehemu babu asiijaribu hata "mara moja tu". Aiache ilipo, watoto wakae mbali, atoe taarifa polisi.