Plani kubwa, karatasi ndogo: mashini isiwapunguzie depo

Wandugu wa koperative, tuseme enjenyere amewatumia kwa telefone plani ya depo ya mahindi. Depo itakuwa na urefu wa metre 18 na upana wa metre 10. Ameichora kwa kipimo cha 1/50, ni kusema sentimetre 2 kwa plani ni metre 1 kwa kiwanja. Karatasi yake ni A3, lakini emprimante ya pale kwenu inakamata A4 tu. Sekretere anachapa, inatoka karatasi moja safi, kila mtu anafurahi.

Hasara inaanzia hapo. Ili plani iingie, mashini imeipunguza. Ukuta uliokuwa na sentimetre 36 sasa uko na 25 na nusu. Fundi masoni anaweka rula, anaona bado imeandikwa 1/50, anahesabu metre 12 na kitu. Upana nao unashuka mpaka metre 7. Depo ya metre mraba 180 inakuwa ya 90. Ni nusu! Na msingi ukishajengwa, wamemba watapeleka mifuko ingine wapi?

Dawa si kusafiri mpaka mjini kutafuta mashini kubwa. Plani inaweza kuchapwa kwa vipande, halafu inaunganishwa. Fanyeni hivi:

1. Fungueni plani ya PDF kwa ordinatere, katika programu ya Adobe Reader. Pa kuchapa, msichague « Ajuster », juu hiyo ndiyo inapunguza. Chagueni « Affiche », na kipimo kibaki 100%.

2. Pa « Chevauchement » wekeni sentimetre 1. Ni sehemu ya mchoro inayorudiliwa kwa karatasi mbili, ili zipate kulaliana.

3. Hesabuni karatasi mbele ya kulipa. A3 ni sawa na A4 mbili, lakini mashini haichapi mpaka pembeni kabisa, kwa hiyo itaomba kama 4. Plani ya A1, ambayo ni sawa na A4 nane, inaweza kuomba 12 ao 15.

4. Chapeni karatasi moja kwanza, mpime kwa rula mstari wenye mnajua urefu wake. Ukuta wa metre 4 kwa 1/50 lazima uwe na sentimetre 8. Kama umepunguka, simamisheni kazi, mrudilie namba 1.

5. Andikeni namba nyuma ya kila karatasi. Kateni pembe nyeupe ya upande mmoja tu, mlalishe mistari juu ya mistari, mbandike kwa skochi. Anzeni na karatasi za safu moja, kisha muunganishe safu na safu.

6. Pimeni tena plani nzima, kutoka kona mpaka kona. Kubandika vibaya nako kunapoteza milimetre, na kwa 1/50 milimetre 1 ni sentimetre 5 kwa kiwanja.

Neno la mwisho: fundi afuate metre zenye enjenyere ameandika kwa plani, rula imusaidie tu kuhakikisha. Na mtu akienda kufanya fotokopi, mumukumbushe: fotokopi nayo inaweza kupunguza. Kazi hii inakula nusu saa na skochi kidogo. Kubomoa ukuta kunakula msimu muzima.