Muzee kwa kazi, kijana kwa pansiyo: mutu wa miaka 48 afanye nini?

Ukisimama mbele ya ubao wa matangazo ya kazi huku kwetu, utaona mara nyingi mustari mumoja unarudi: "Awe na miaka kati ya 25 na 40." Kwa kijana, ni mustari kama ingine. Kwa baba ao mama wa miaka 48, ni mulango unafungwa mbele hata ya kupiga hodi.

Na watu wa umri ule wanaotafuta kazi leo ni wengi. Monusco ilimaliza kazi yake katika jimbo la Kivu ya Kusini mwezi wa sita 2024. Mwanzo wa mwaka 2025, Marekani ikasimamisha misaada yake ya inje, na mashirika mengi ya kibinadamu yakapunguza wafanyakazi. Kisha vita ikafunga kazi zingine. Madereva, walinzi, watunza-depo na watafsiri walioingia kazini wakiwa vijana, wametoka na mvi kichwani.

Shida yao iko hapa. Kufatana na sheria ya mwaka 2016 juu ya usalama wa jamii, umri wa kupata pansiyo ya CNSS ni miaka 60. Basi dereva wa miaka 48 anaambiwa kwa kazi kwamba ni muzee, na kwa pansiyo kwamba bado kijana. Katikati kuna miaka 12 ya kulipa nyumba, kulisha watoto na kuwasomesha. Miaka 12 si kitu cha kungojea umekaa.

Waajiri wanaogopa nini?

Mara nyingi woga ni wa namna ine: kwamba mutu mukubwa atachoka upesi, hajue kompyuta, ataomba mushahara wa juu, na hatakubali kuongozwa na bosi mwenye miaka 30. Wasemaji hawasemi hivyo mbele yako. Wanasema tu: "Tutakuita." Kwa hiyo inafaa dosye yako ijibu woga ule mbele haujatajwa.

Anza na karatasi

Kitu ambacho kijana hana, na wewe unacho, ni miaka ya kazi. Lakini bila karatasi, miaka ile ni maneno tu. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inalazimisha mwajiri, kazi ikiisha kwa sababu yoyote, akupatie cheti kinachoonyesha kazi uliyofanya, siku ulianza na siku ulimaliza, pamoja na namba yako ya usalama wa jamii. Si zawadi, ni haki. Hata kama mulitengana vibaya, ukiombe.

Wengi kati yetu tulipoteza karatasi: lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, kukimbia vita, nyumba kuibiwa. Rudia mwajiri wa zamani uombe kopi. Kama alifunga ofisi, uliza CNSS kama alikutangaza, tafuta karatasi za mushahara zilizobaki, ao uombe aliyekuwa mukubwa wako akuandikie barua na namba yake ya simu. Na ukizipata, uzipige picha, utume kwa mutoto ao ndugu wa muji mwingine.

Namna ya kuandika CV

Usiandike kazi zote tangu ujana. Kurasa mbili zinatosha, na kazi za mwisho zikuje mbele. Badala ya kuandika "uzoefu wa miaka 20", andika ulichofanya: magari mangapi ulikuwa unasimamia, barabara gani unajua, watu wangapi ulifundisha. Usidanganye juu ya umri. Kadi ya uchaguzi itaonyesha mwaka wa kuzaliwa, na uongo mudogo utaharibu dosye nzuri.

Kuhusu kompyuta, usione haya kukaa darasani na vijana. INPP inafundisha watu wazima pia. Jifunze kuandika barua, kujaza meza ya hesabu, na kutuma dosye wewe mwenyewe kwa imeli. Kama kila mara ni mutoto anakutumia, siku ya jaribio utakwama.

Mbele ya bosi kijana, usianze na "sisi zamani tulikuwa tunafanya hivi." Umuulize kwanza wao wanafanya namna gani, kisha useme unaweza kusaidia wapi. Na mutu akikuomba feza ili akuingize kazini, ondoka. Mwenye shida ndiye anaibiwa upesi.

Waajiri nao

Tuseme kweli: hata dosye safi haifungui kila mulango. Sehemu ingine ya kazi ni ya waajiri. Kama kazi inaomba nguvu, andikeni kilo za kubeba, mujaribu watu, atakayeweza apite. Lakini kwa dereva, mutunza-depo ao muhasibu, umri unaonyesha nini? Gari ikikwama kwenye matope usiku, mutu anayejua barabara ile tangu miaka 20 ndiye anafikisha muzigo.

Wewe baba, wewe mama uliyesoma ule mustari wa "25 na 40", kama kazi unaiweza, weka dosye. Wakikataa, wakatae wakiisha kuisoma.