SOMA NAMBA KABLA YA KUNUNUA TAIRI LA BAISKELI

Chukua baiskeli yako. Futa vumbi ubavuni mwa tairi kwa kitambaa chenye maji. Utaona maandishi na namba. Watu wengi wana baiskeli miaka mingi na hawajawahi kuzisoma. Wewe sasa unajua kusoma. Zisome.

Hapa tunazungumza juu ya baiskeli za mlima. Hizi ni zile zenye matairi manene yenye meno. Wengine huziita baiskeli za gia. Zipo nyingi vijijini, na nyingi zilifika zikiwa zimekwisha tumika. Matairi yake huisha mapema kwa sababu ya mawe, miiba na mizigo.

Mtu akitaka tairi jipya huenda dukani akasema, "Nipe tairi la 26." Hapo ndipo hasara inapoanza. Matairi ya 26 hayalingani yote.

Tairi moja limeandikwa 26 x 1.95. Jingine limeandikwa 26 x 1 3/8. Yote mawili ni 26. Lakini hili la pili ni la rimu nyingine, iliyo kubwa zaidi kwa milimita 31. Hiyo ni kama upana wa vidole viwili. Ukilivalisha kwenye rimu ya baiskeli ya mlima, litalegea. Ukijaza upepo, litachomoka na tyubu itapasuka. Sasa fikiri limechomoka ukiwa kwenye mteremko, na mtoto amekaa nyuma kwenye karia.

Utajuaje? Tazama namba nyingine, ndogo, zenye kistari katikati. Kwa mfano 50-559. Namba ya kwanza, 50, ni unene wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 559, ni ukubwa wa rimu, kutoka upande mmoja hadi upande wa pili, pale tairi linapokaa. Hii ya pili ndiyo namba kubwa kuliko zote. Tairi kuukuu likisema 559, jipya nalo lazima liseme 559. Lile la 1 3/8 husema 590. La baiskeli kubwa nyeusi, 28 x 1 1/2, husema 635. Siku hizi zipo pia baiskeli za mlima za 27.5 na za 29. Hizo nazo zina rimu zake.

Andika namba zako kwenye karatasi, uende nayo dukani. Muuzaji akikuambia "yote ni sawa", mwonyeshe karatasi.

Matairi haya manene yana historia yake. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Marekani ilianza kuuza baiskeli zenye matairi manene ya inchi 26. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, jimbo la California, walichukua baiskeli kuukuu za namna hiyo wakashindana kuteremka nazo milimani. Baiskeli za mlima zilianzia huko, na rimu ya 559 ikabaki hadi leo.

KULITOA NA KULIVALISHA

Kazi hii unaweza kuifanya nyumbani. Unahitaji spana, pampu na vijiko viwili vyenye mikono imara na laini. Usitumie bisibisi. Bisibisi hutoboa tyubu, ukaziba pancha moja na kupata mbili.

Pindua baiskeli, magurudumu yawe juu. Legeza waya wa breki ili gurudumu lipite. Kama ni gurudumu la nyuma, kwanza weka cheni kwenye gia ndogo kabisa. Fungua nati, toa gurudumu, kisha toa upepo wote.

Sasa sikiliza siri ya kazi hii. Katikati ya rimu pana mfereji. Ukingo wa tairi una waya ndani yake, na waya haunyumbuki. Kwa hiyo zunguka gurudumu lote ukiusukuma ukingo kwa vidole gumba uingie kwenye mfereji. Tairi litalegea upande mmoja. Hapo ingiza mkono wa kijiko, inua ukingo, kisha ingiza cha pili. Wanaotumia nguvu nyingi mara nyingi hawajui habari ya mfereji huu.

Kabla ya kuvalisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi. Mwiba uliobaki utakishika. Usipitishe vidole vitupu. Tazama pia utepe unaofunika vichwa vya spoku. Kama umechanika, kata mwingine kutoka kwenye tyubu kuukuu. Uwe mwembamba, usifike mahali ukingo wa tairi unapokaa.

Tia tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo. Vaa ukingo mmoja, weka tyubu, kisha vaa ukingo wa pili kwa mikono. Malizia kwenye valvu. Sukuma valvu juu kidogo, ili tyubu isibanwe chini ya tairi, halafu ivute irudi. Jaza upepo nusu, zungusha gurudumu, tazama kama tairi limekaa sawa pande zote. Ndipo ujaze. Kiasi cha juu cha upepo kimeandikwa ubavuni, pembeni ya herufi PSI. Usikizidishe.

KULIBADILI LIKUFAE

Je, unapita zaidi barabara ngumu? Meno makubwa yanakuchosha bure. Unaweza kuweka tairi jembamba lenye meno madogo, kwa mfano 40-559, kwenye rimu ile ile. Wengine huyakata meno kwa kisu. Kazi hiyo ni ya hatari, kwa sababu kisu kikifika kwenye nyuzi, tairi limekwisha.

Ukitaka tairi nene zaidi, pima kwanza. Baada ya kulivalisha, kalamu ipite kati ya tairi na fremu, kila upande.

Mahali penye miiba ya migunga, tairi kuukuu husaidia. Kata kingo zake zote mbili zenye waya. Punguza meno. Chonga ncha mbili ziwe nyembamba zisikwaruze tyubu. Tandaza ukanda huo ndani ya tairi zima, kati ya tairi na tyubu. Gurudumu litakuwa zito, lakini pancha zitapungua. Kwa tairi lililopasuka kidogo, kipande kidogo cha namna hiyo kitakufikisha nyumbani. Kama nyuzi zinaonekana pande nyingi, litupe.

Una tairi moja jipya na moja kuukuu? Weka jipya mbele. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa mzigo unakaa nyuma. Lakini tairi la nyuma likipasuka, baiskeli huyumba, na mara nyingi utaweza kusimama. Tairi la mbele likipasuka, usukani haukutii tena, na utaanguka.

Rudisha waya wa breki mahali pake kabla hujapanda. Bonyeza breki mara tatu. Raba zake ziguse rimu, zisiguse tairi. Endesha mwendo mfupi bila mzigo, kisha kaza nati tena.