Kirangozi, Mgumu na Baridi ya Kibo

Desemba ikifika katikati, mkazi wa Chanika hujua kwamba sukari ya robo ataifuata mbali. Kwa Mangi pamefungwa. Mwenye duka amepanda basi kwenda Rombo, Kibosho au Machame kula Krismasi na ndugu zake, na watani wake wanaobaki Dar es Salaam wana ruhusa ya kumsema mpaka Januari. Safari hiyo ya kila mwaka ni mila ya Wachagga inayofahamika hata kwa asiyewahi kuikanyaga Moshi. Isiyofahamika sana ni mila nyingine ya huko huko, ya watu wanaopita nyuma ya migomba, wakauvuka msitu na kuendelea kupanda mpaka mahali ambapo pumzi yenyewe hupatikana kwa taabu.

Vilima vya Chanika na Pugu havizidi mita mia chache kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro kipo mita 5,895, na hewa ya kule ina uzito wa karibu nusu ya hewa ya Pwani. Kijana wa Chanika anayekwenda Desemba 9 kupanda na wenzake kuadhimisha Uhuru, kama wanavyofanya Watanzania wengi siku hizi, anaweza kuwa na miguu ya mchezaji mpira na bado akashindwa na kijana mwembamba wa Marangu aliyebeba mzigo kichwani.

Kwa wazee wa Kichagga, Kibo, sehemu ya mlima yenye kilele hicho, hakukuwa mahali pa kwenda. Kulikuwa mahali pa kuelekea. Upande wa mlimani ulikuwa upande wa heshima, na marehemu alizikwa uso ukielekezwa huko. Watoto walihadithiwa jinsi Mawenzi alivyokuwa akienda kwa jirani yake Kibo kuomba moto, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka Kibo akachoka, akashika mchi na kumtwanga. Ndiyo maana Mawenzi ana mgongo uliochongoka. Waliopanda baadaye walikuta hadithi haiko mbali na ukweli wa jiwe. Mawenzi, mita 5,149, ni mwamba uliooza unaomeguka mkononi, na haukufikiwa kileleni mpaka mwaka 1912, na Eduard Oehler na Fritz Klute, miaka 23 baada ya Kibo iliyo ndefu zaidi. Watalii wa kawaida hawapelekwi huko mpaka leo.

Hata hivyo, si kweli kwamba wenyeji hawakuwahi kujaribu. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo Mei 11, 1848, alisimuliwa habari za mtawala wa Machame aliyeitwa Rungua. Huyu aliwatuma watu juu kuchunguza kile kitu cheupe, akitumaini kwamba ni fedha. Akarudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Hiyo ni miongoni mwa taarifa za zamani za ajali za mlimani tulizonazo Afrika Mashariki, na inastahili kutajwa kabla ya jina la Mzungu yeyote. Rebmann mwenyewe aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara kutoka Pwani, ambaye alipoulizwa weupe ule ni nini alijibu kwa neno moja: baridi. Mabingwa wa jiografia wa London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Bwana Kheri hakuwa na haja ya kubishana na mtu.

Hapa ndipo Pwani inapoingia katika mila za mlima, na wengi hawaitambui. Misafara ya karne ya 19 iliyoondoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa ilikuwa na utaratibu wake: kirangozi mbele akijua njia, mnyapara akisimamia watu, mpishi, askari, na wapagazi wenye mizigo ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi kila mmoja. Kulikuwa na posho, kulikuwa na nyimbo za kuondoa uchovu, kulikuwa na ugomvi wa malipo mwisho wa safari. Wazungu waliotaka vilele waliukuta utaratibu huo umekomaa, wakaukodi mzima mzima.

Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akakwama kwenye ukuta wa barafu. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilimkuta bara, akatekwa, akaachiwa kwa fidia. Oktoba 6, 1889, akiwa na Ludwig Purtscheller wa Austria, alisimama juu kabisa na kukipa kilele jina la mfalme wa Ujerumani. Vitabu husifu shoka lake la barafu. Lakini kilichombadilishia matokeo ni chakula. Mangi Marealle, mtawala wa Marangu, alimpokea, kambi zikawekwa ngazi kwa ngazi, na wapagazi wakawa wanapanda kutoka Marangu kila baada ya siku chache na vyakula, kiasi kwamba Wazungu wawili waliweza kukaa juu muda mrefu, kushindwa mara ya kwanza na kurudia. Aliyebaki nao katika kambi ya juu, akilinda hema na kuwasha moto katika baridi ile, alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mswahili wa mnazini, alfu nne na zaidi za mita juu ya bahari yake.

Marangu nayo ina mtu wake. Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, alitambuliwa katika sherehe za miaka 100 mwaka 1989 kuwa alikuwa miongoni mwa walioongoza msafara wa Meyer. Wanahistoria wanabishana juu ya umri wake na juu ya mwaka halisi alioanza kazi. Ubishi huo hauondoi jambo moja: ukoo kwa ukoo, kazi ya kuwapandisha wageni ikawa urithi wa Marangu kama kihamba, shamba la ukoo, kilivyo urithi.

Leo kirangozi anaitwa gaidi, kutoka neno la Kiingereza "guide", na mpagazi anaitwa mgumu. Mengine yamebaki palepale. Asubuhi getini Machame, mizigo inapita kwenye mizani mmoja baada ya mwingine, kilo 20 ndiyo mwisho, na anayezidi hupunguziwa mbele ya kila mtu. Mgumu huvaa begi lake mgongoni, kisha mzigo wa mgeni huupachika kati ya kichwa na shingo, mkono mmoja ukiushika, mwingine ukining'inia huru kwa ajili ya mizani ya mwili. Mgeni akiwa bado anafunga kamba za viatu, yeye amekwisha kumpita. Akifika kambini mgeni hukuta hema limesimama, maji ya moto yako kwenye beseni, na bisi zimekaangwa. Wagumu wenyewe watakula ugali na mboga baadaye, wamejibana hema moja, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli ya safari hufanyika: nani kapungukiwa soksi, mgeni gani amekataa chakula, gaidi yupi hugawa tipu kwa haki na yupi si wa kuaminiwa na bahasha.

Mgeni aliyekataa chakula ndiye habari kubwa. Wahudumu wa mezani husoma sahani zinazorudi jikoni kama daktari anavyosoma vipimo. Kukosa hamu ya kula, kichwa kuuma, kutapika: hizo ni dalili za kawaida za mwinuko, nazo hutulia mtu akipumzika au akishuka kidogo. Akianza kukohoa povu lenye wekundu, au akihema huku amekaa, maji yameingia kwenye mapafu. Akitembea kama mlevi na kujibu mambo asiyoulizwa, ubongo umevimba. Magaidi humwambia apige hatua kwa mstari, kisigino kikigusa kidole. Akiyumba, safari yake imekwisha, hata kama kilele kiko saa mbili mbele na nauli ya ndege kutoka Ulaya imelipwa. Vidonge vipo, mitungi ya oksijeni ipo, lakini dawa hasa ni kushuka, usiku huo huo. Wanamfunga kwenye machela yenye gurudumu moja katikati, na vijana kadhaa huikimbiza njiani kuelekea bondeni, wengine wakivuta nyuma isiwaponyoke.

Kuna imani kwamba watu wa mlimani hawapatwi na haya. Si kweli. Vijiji vya Wachagga viko chini ya mita 2,000, na mwili wa mgumu hauna kinga ya kuzaliwa kama ya watu wa Tibet walioishi juu kwa maelfu ya miaka. Anachokuwa nacho ni mazoea ya kupanda mara kwa mara, na wakati mwingine mazoea hayo humfanya afiche kichwa kinachouma ili asikose siku ya malipo. Baridi nayo haibagui. Mwaka 1909 Mwingereza Gertrude Benham alipopanda, wapagazi wake walikuta mifupa ya watu wawili wa msafara uliotangulia, na wengi wakakataa kuendelea. Walikuwa na haki. Shirika la kusaidia wapagazi lililoanzishwa Moshi mwaka 2003 lilianza na jambo dogo lenye maana kubwa, kuwaazima makoti na viatu, kwa sababu kuna waliokuwa wakilala kwenye barafu na nguo za sokoni.

Mlima wenyewe unabadilika. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka ilipofika 2007, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu hiyo sasa yako huru. Januari 2006, katika njia ya Western Breach, mawe yaliporomoka na kuua Wamarekani watatu. Njia ilifungwa kwa muda. Mwaka 2022 intaneti ilifikishwa Horombo, mita 3,720, na sasa mgumu anaweza kupiga picha na kuituma nyumbani kabla ya chai kuiva. Wazee wa kazi hiyo wanasema msaada wake mkubwa ni kuita wenzao mgonjwa anapopatikana.

Wapo wapandaji wa Afrika Mashariki waliokwenda mbali zaidi. Wilfred Moshi, aliyeanzia kwenye kazi ya Kilimanjaro, alifika kilele cha Everest Mei 2012, Mtanzania wa kwanza. Mkenya James Kagambi, mwalimu wa upandaji milima, akafika Mei 2022. Mei 2024 Joshua Cheruiyot Kirui, Mkenya aliyetaka kufika bila mtungi wa oksijeni, alifia huko pamoja na Nawang Sherpa, Mnepali aliyekuwa akimwongoza. Juu ya mita 8,000 mwili hauzoei tena, unajila tu. Na katika habari za kifo kile, kama ilivyo desturi ya habari za milimani, jina la mwongozaji lilitajwa la pili.

Mwaka 2019 serikali ilipotangaza mpango wa kujenga gari la kamba mlimani, wagumu na magaidi walikuwa wa kwanza kupinga, na waliopo mbali waliwaelewa vibaya, wakidhani ni woga wa kupoteza vibarua peke yake. Woga huo ulikuwapo, tena wa haki: kundi la wageni wanne laweza kuajiri watu kumi na zaidi, na kila mmoja ana ada ya shule ya kulipa. Lakini hoja ya pili ilikuwa ya kazi. Mtu anayetoka usawa wa bahari akipandishwa kwa kamba hadi mita 3,700 ndani ya dakika chache, hajapita msituni, hajalala njiani, hakuna aliyeiona sahani yake ikirudi jikoni. Akianza kuyumba, hakuna anayejua kama ndivyo anavyotembea siku zote.