"Alleged" Si Hukumu

Barua nyingi hutujia kwa Kiingereza. Tuyaelewe maneno haya kabla ya kukata shauri.

"Alleged": inadaiwa tu, bado haijathibitishwa.

"Disputed": wahusika hawakubaliani, kwa mfano juu ya mpaka wa shamba au deni.

"Debatable": jambo lina shaka, linafaa kujadiliwa.

"Arguable": ziko sababu za kulitetea, lakini wengine waweza kulipinga.

Basi barua ikisema mweka hazina "allegedly" alikula pesa, msimwite mwizi. Kagueni vitabu na risiti, naye mumsikize. Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 50, yasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Jina likishachafuka, kulisafisha ni kazi ngumu.